Barua kwa mwanangu: utabiri wako na koti langu la kijani

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia asubuhi baada ya chai. Waniuliza kama uombe radhi hewani au unyamaze, kwa kuwa mwezi wa nne ulisema kipindini kwamba wimbo wa yule kijana wa Likoni hautamaliza wiki mbili kwenye chati yenu. Sasa uko juu kabisa, na watu wanatumiana sauti yako kwenye simu wakicheka. Pole sana. Kuchekwa kunauma, na Wakenya wakipata la kucheka hawaliachi upesi.

Ila mimi nina swali kabla ya hilo la radhi. Huko kutabiri, nani alikutuma? Kazi uliyopewa ni kusoma namba na kupiga nyimbo. Nimekwambia tangu unaanza kazi hiyo: wimbo una miguu yake. Najua unaguna hapo ulipo, lakini tulia kwanza.

Hadithi ya koti unaijua kwa upande wa babako, ambaye huisimulia kama kichekesho cha kwenye harusi. Sasa isikie kwangu.

Tulikuwa Columbus, Ohio, tukisoma wote wawili, hatuna hela, na wikendi burudani yetu ilikuwa redio. Ukiwasha ilikuwa lazima ukutane na American Top 40, nyimbo arubaini kutoka chini hadi juu. Casey Kasem alikianza kipindi kile mwaka 1970, na babako alimpenda mno kwa kuwa wazazi wake walikuwa Walebanoni. Alikuwa akijivuna naye utadhani ni binamu yake wa Mji wa Kale. Agosti 1988 Casey akaondoka, kiti chake akakalia Shadoe Stevens. Babako akanuna. Januari 1989 Casey akarudi na kipindi chake kipya, kwa hiyo baridi ile tulikuwa na mabwana wawili, kila mmoja na arubaini zake. Shadoe alisoma orodha ya jarida la muziki la Billboard, iliyochanganya mauzo ya madukani na nyimbo zinazopigwa redioni. Casey alisoma ya jarida jingine, Radio & Records, iliyohesabu redio tu. Ungefikiri mtu mwenye akili, akiona wimbo mmoja una namba mbili tofauti nchi moja na wiki moja, angeacha kuamini utabiri. Babako alinunua daftari.

Daftari lilikuwa la kuandika maneno ya mtangazaji mmoja wa kituo cha pale mjini, ambaye jina lake nitamsitiri. Huyo aliingia hewani baada ya hesabu kwisha, akatutangazia nani atapanda na nani ataanguka wiki ijayo. Alikuwa na sauti nzito yenye uhakika, na babako akisikia sauti yenye uhakika huwa ameshakubali.

Basi kukawa na wimbo wa bendi ya Toronto iitwayo Sheriff, When I'm With You. Ulikuwa umeingia chati ya Marekani mwaka 1983, ukafika namba 61, ukazama. Mwaka 1985 bendi yenyewe ikavunjika, kila mtu akashika lake. Halafu mwishoni mwa 1988 redio moja moja zikaanza kuupiga tena, na mara ukawa unapanda. Yule bwana akasema huu hautafika popote: hakuna bendi ya kwenda kwenye televisheni, hakuna ziara, wimbo wa mayatima utaishia katikati. Babako akaandika. Akapiga na mstari chini.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo. Wimbo ule mwishoni mwimbaji anaivuta sauti moja karibu sekunde 20 bila kupumua. Wale vijana wa jikoni kila ukifika hapo waliacha kazi, wakavuta pumzi wote, wakashindana naye. Mmoja alikuwa akishindana huku amebeba trei ya glasi, macho yamemtoka, na msimamizi anapiga kelele asisikike. Siku moja wanafunzi waliokuwa wakila upande wa pili wa dirisha nao wakaingia. Mwanangu, ukiona watu wasiojuana wanakata pumzi pamoja kwa ajili ya wimbo, utamuuliza mtangazaji nini tena?

Nikarudi nyumbani nikamwambia babako: huu unafika namba moja. Akacheka. Nikamwambia ukifika, utaninunulia lile koti la sufu la kijani tuliloliona dirishani. Akasema, “Hata mawili.” Nakuapia, alisema mawili.

Chati ya tarehe 4 Februari 1989 ndiyo ile. Phil Collins alishuka, Sheriff wakapanda kileleni: bendi isiyokuwapo, ina wimbo namba moja Marekani. Niliruka hadi jirani wa chini akagonga dari lake. Na babako? Babako akasema tungoje kwanza tumsikie Casey. Nikazima redio. Wiki iliyofuata Paula Abdul akachukua nafasi, akakaa wiki tatu, basi bwana akapata hoja: namba moja ya wiki moja ni ajali, si namba moja. Baridi ile niliimaliza na jaketi la kaka yake. Daftari alilitunza, lakini ukurasa ule sijauona tena, na usimuulize.

Haya. Utasema mama, hiyo inathibitisha maneno yako, wimbo una miguu yake. Nami ndivyo nilivyodhani miaka mingi. Ila nikiwaza vizuri najipinga mwenyewe. Wimbo wa Sheriff haukuamka peke yake. Kuna mtu studioni aliyeutoa rafuni akauweka hewani. Red Red Wine ya UB40 ni vivyo hivyo: Marekani ulifika namba 34 mwaka 1984 ukaisha, hadi redio moja ya Phoenix, Arizona, ilipourudisha mwaka 1988, na Oktoba ukashika namba moja. Sasa hapo miguu ni ya nani?

Halafu nageuka tena. Yupo yule mtangazaji wa BBC, Mike Read, Januari 1984, aliyekataa kuupiga Relax wa Frankie Goes to Hollywood kwa sababu ya maneno yake. BBC ikaufungia. Ulikuwa namba sita, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa namba moja, ukakaa wiki tano. Redio kubwa ya taifa zima imefunga mlango, wimbo umepitia dirishani. Kwa hiyo miguu unayo! Hata hapa kwetu, Jambo Bwana ya Them Mushrooms ilikuwa ya kuwapokelea watalii hotelini, mwisho Boney M, kundi la Ujerumani, nao wakaurekodi. Nani alitabiri hilo? Mimi sikumsikia.

Lakini Relax ulikuwa umeshajulikana kabla mlango haujafungwa. Je, ule usiojulikana? Yule bwana wa Columbus, baada ya kusema wimbo wa mayatima hautafika, aliupiga mara chache mno kwenye zamu yake. Nilikuwa nikisikiliza, najua. Tuliusikia zaidi kwenye kituo kingine. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo kuliko koti. Mtu aliyeshika kipaza sauti akisema wimbo hautafika, kisha akauweka kando, huyo hatabiri. Huyo anazuia, halafu baadaye anajisifu kwamba alijua. Na wakati ule ilikuwa rahisi zaidi, maana hadi mwaka 1991 ile orodha ya Billboard ilitegemea maduka kueleza kwa simu kipi kinauzwa zaidi, na redio kueleza zinapiga nini. Zilipokuja mashine za kuhesabu mauzo yenyewe, ikaonekana watu walikuwa wakinunua rap na muziki wa country kuliko wakubwa walivyodhani. Walikuwa wakinunua siku zote. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo ukiniambia ulikosea, mimi sioni uzito. Kukosea wimbo ni kama kukosea mvua. Nikuulize nililotaka kukuuliza tangu mwanzo: baada ya kusema vile, uliendelea kuupiga wimbo wa yule kijana kila ulipofika zamu yake, au uliupunguza? Mimi nilikuwa nikisikiliza kipindi chako mwezi ule, kama ninavyosikiliza kila mwezi, na nina nilichokisikia. Lakini wewe ndiye unayejua ulichokipanga na ulichoambiwa na wakubwa wako, sitakusemea.

Na la radhi sitakuamulia. Ulimi waniwasha, wewe wanijua, nimeliandika jibu na kulifuta. Jibu langu linategemea la swali hilo, na swali hilo hujaniandikia.

Babako nimemsomea ujumbe wako. Anasema usimwombe mtu radhi, utabiri si deni. Yeye lazima aseme hivyo.

Mamako