Maswali ya Wasomaji: Nimefungua Kanisa, Sasa Nimebaki Peke Yangu

SWALI: Shikamoo mama, Bwana asifiwe sana. Mimi ni mwinjilisti, nilitumwa na kanisa letu la Tanga mjini nifungue tawi huku upande wa Chongoleani, huu ni mwaka wa pili. Tulianza vizuri kwakweli, kazi za bomba la mafuta zilikuwa zimechanganya, vijana wengi wa bara wakawa wanasali kwetu, kwaya ikapatikana, mpaka mpiga kinanda tulikuwa naye. Mikataba ikaanza kuisha wakaondoka mmoja mmoja, saivi nimebaki na mke wangu, mama mmoja anauza mihogo, fundi ujenzi mmoja na watoto wa jirani. Jumapili asubuhi nafungua ile fremu tuliyopanga, nafagia, halafu vile viti vya plastiki navitawanya mbalimbali ili paonekane pamejaa. Kanisa mama wakipiga simu ni kuulizia ripoti tu, mko wangapi, sadaka imefika ngapi. Kwenye grupu la wasapu watumishi wenzangu wanarusha picha za mikutano watu wamefurika, mimi naangalia tu sina cha kurusha. Nimeanza kujiuliza kama Mungu aliniita au nilijiita mwenyewe. Nitiwe moyo na nani? (Mwinjilisti, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Kwanza vile viti. Jumapili hii vikusanye, viweke duara, mkae karibu kabisa, mama wa mihogo amsikie fundi akiomba na fundi ajue mama analea wajukuu wangapi. Watu watano waliokaa duara wanaimba vizuri tu, lakini watano waliotawanywa kwenye fremu kila mmoja anajiona yuko peke yake, na wewe uliyesimama mbele ndio unaumia zaidi maana unahubiria viti vitupu.

Sasa hilo la kuitwa. Chukua Biblia ufungue 2 Wakorintho, usome mlango wa 2 halafu uruke mpaka wa 7, usome hizo sehemu pamoja. Paulo alifika Troa kuhubiri, na anasema wazi kwamba mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa na Bwana, ila roho yake haikutulia kwa sababu hakumkuta Tito, akaaga watu akaondoka kwenda Makedonia. Mlango uko wazi na mtume anaondoka! Na huko Makedonia nako hakupata raha, nje vita, ndani hofu. Halafu anasema Mungu alimfariji, kwa njia gani? Tito alifika. Hasemi aliona maono wala kwamba alifunga akapata nguvu, mtu alikuja na miguu yake, akaleta na habari kwamba wale wa Korintho bado wanamtamani. Kwahiyo mwanangu usijihukumu, kama Paulo hakuweza kukaa Troa bila mwenzake sioni kwanini wewe uone aibu kwamba Chongoleani imekulemea. Ulitumwa bila Tito, ndio shida yenyewe hiyo.

Na hapa naomba nizungumze na viongozi wa makanisa wanaosoma ukurasa huu, maana jambo hili linaniuma. Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, iko Luka 10. Sisi tunamchukua kijana, tunamwekea mikono siku ya ibada, tunapiga vigelegele, tunampa spika moja na kodi ya miezi michache, basi, kinachofuata ni fomu ya ripoti. Huko ni kumtupa mtu. Ripoti iulizwe lakini kabla ya idadi muulizeni amekula nini, mke wake anaendeleaje, nani anamwombea yeye.

Wewe mwinjilisti usisubiri waamke wenyewe. Nenda mjini, kaa na mchungaji wako uso kwa uso, hili sio la kusema kwenye simu, na usiombe hela. Omba watu. Mwambie kila mwezi Jumapili moja familia mbili zije kusali na nyie huku, zilale hata usiku mmoja kama inawezekana, wapike na mke wako, waone fremu yenyewe. Hela inaisha lakini mtu aliyekaa kwenye kile kiti chako cha plastiki hatasahau kukuombea. Halafu mtafute mtumishi wa dhehebu lingine aliyekaa pwani muda mrefu, Tanga Waanglikana na Walutheri wana historia ndefu, utapata mzee ambaye ameshaona washirika wakija na kuondoka na uhamisho na mikataba, yeye hana ripoti yako ya kujaza kwahiyo utamwambia ukweli wote bila kupunguza.

Na wale vijana wa bomba hawajapotea. Namba zao unazo si ndio? Kila Jumapili jioni mpigie mmoja wao, popote alipo, umuulize amesali wapi leo na umwambie nyie mmeombea nini. Wafilipi walikuwa mbali na bado walimtumia Paulo msaada akiwa Thesalonike, tena zaidi ya mara moja, baadaye wakamtuma na Epafrodito kabisa. Mpiga kinanda wako inawezekana hatarudi Tanga ila anaweza kuwa Mfilipi wako. Hiyo grupu ya picha za mikutano iweke kimya kwa sasa, hutakuwa umemkosea mtu.

Tena mtu wa kufungua njia sio lazima awe ndiye atakayeona watu wamejaa. Yule mmisionari Mjerumani, Krapf, alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akamzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, akabaki peke yake mpaka mmisionari mwenzake Rebmann alipofika 1846 ndipo kituo cha Rabai, karibu na Mombasa, kikaanza. Mwaka 1848 akaja Usambara kwa mfalme Kimweri, akapokelewa vizuri, ila Krapf alifariki 1881, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani wakaja kuanza kazi Mlalo, hukohuko Usambara, 1891. Angalia na hiyo miaka miwili ya Mombasa, alikuwa na wito wote lakini kituo kilisimama mwenzake alipofika.

SWALI: Mama, mume wangu ni mchungaji, tumeanza kanisa Bagamoyo, kodi na chakula vinatoka kwenye vitumbua vyangu. Wageni wakija wanamtia moyo baba mchungaji, mimi naambiwa lete chai. Majirani zangu karibu wote ni Waislamu, naona hata wa kuongea naye sina. (Mama mchungaji, Bagamoyo)

JIBU: Dada yangu, kwanza baba mchungaji aisome hii. Baba, vitumbua ndio mfuko wa kanisa lako, Jumapili hii simama umshukuru mkeo mbele ya watu, na siku moja kwa wiki mlango wa nyumba usiwe ofisi.

Halafu majirani, dada, naomba usiwaweke mbali. Mtoto akishikwa na homa usiku atakayesikia kwanza ni mama wa ukuta wa pili, na akikuletea uji pokea unywe, ushukuru. Nenda kwenye misiba yao, kaa chini na wanawake, menya vitunguu kwenye harusi zao. Upweke wako mwingine utaishia hapohapo jikoni, na kanisa litajulikana mtaani kwa sababu unajulikana wewe. Siku nyingine mkipata nafasi tembeleeni pale misheni ya Wakatoliki hapo Bagamoyo. Mapadre walifika 1868 na walioanza nao ni watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, sio wakubwa wa mji, na makaburi ya wamisionari yapo pale, wengi walikufa vijana kwa homa. Tembeeni hapo wote wawili taratibu, muombe, mkirudi mwambie mumeo yote uliyoniandikia mimi.

SWALI: Mwenyekiti wa mtaa anatudai karatasi za kanisa, anatupiga vita? (Mzee wa kanisa, Tanga)

JIBU: Hapana mzee wangu, anafanya kazi yake. Kama nyie ni tawi, ombeni makao makuu yenu nakala ya cheti cha usajili na barua ya kuwatambulisha, mpelekeeni yeye na mtendaji kabla hamjafunga spika. Kama mnajitegemea, usajili ni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, msianze kujenga kabla. Na spika yenyewe igeuzieni ndani.