Ngazi Ikiteleza, Mzembe ni Nani?

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni mafundi wa rangi katika nyumba inayofanyiwa ukarabati Mji Mkongwe. Mwenzetu alianguka baada ya ngazi kuteleza, akavunjika mkono. Tajiri wetu anasema ni uzembe wake, na sasa ametuletea mbao tuzilaze juu ya mapipa ili kazi iendelee. Je, anasema kweli, na mbao hizo tuzipande?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykumu salaam. Mfikishieni mwenzenu pole zetu. Kabla ya kumlaumu aliyeanguka, itazamwe kwanza ngazi ilisimamishwa vipi. Kwa kila mita 4 za kimo mpaka pale inapoegemea, miguu yake hutakiwa iwe mbali na ukuta kwa mita 1; ikilala zaidi ya hapo, miguu hukimbia nje. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zina taabu yake, kwani lipu iliyoingia unyevu hubanduka, na ncha ya ngazi ikiegemea kipande kilicholegea, humeguka pamoja nacho. Chini nako, vumbi la msasa juu ya sakafu laini huiachia ngazi iliyokwisha mipira ya miguu. Ngazi ya namna hiyo haifai kupewa mtu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya mwaka 2005, inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Kumpa fundi kifaa kibovu kisha kumwita mzembe ni dhuluma.

Mbao juu ya mapipa msizipande. Pipa tupu ni jepesi, na ubao uliotokeza nje yake ukikanyagwa ncha, upande wa pili huinuka na mtu akaenda chini pamoja na ndoo yake ya rangi. Ombeni jukwaa lililofungwa barabara, lenye vizuizi pembeni. Kimo kifupi kisiwahadae. Aliyeanguka mita 2 akatanguliza kichwa anaweza kufa.

Akianguka mtu akalalamikia shingo au mgongo, msimnyanyue kwa mikono na miguu mkampakia garini, kama wengi wetu tulivyozoea. Mwacheni alale alivyo, kichwa chake kishikwe kisitikisike, mpaka afike mwenye ujuzi.

Mwenzenu ahifadhi vyeti vyote vya hospitali, nanyi mpige picha ngazi hiyo kabla haijaondolewa na muandike mlichokiona. Tajiri akikataa kuwajibika, lifikisheni suala hili Kamisheni ya Kazi.