Nyuzi za kuvuta uso, wiki sita kabla ya harusi

SWALI: Shikamoo Dada Muuguzi. Nina miaka 54, naishi Tanga. Tangu nipungue kilo 19, mashavu yameshuka na ngozi inaning'inia chini ya taya. Baada ya wiki sita namwozesha binti yangu wa kwanza. Kuna saluni hapa mjini, mtaalamu wao huja kila Jumamosi kuvuta uso kwa nyuzi, bila kisu, saa moja tu unarudi nyumbani. Shoga yangu ananiambia bora niende kwa daktari nifanyiwe ule upasuaji mdogo wa kovu fupi. Natumia dawa za presha. Pia zamani nilitoboa sikio tundu la pili, pakaota kinyama kigumu, kikakatwa, kikarudi. Nichague lipi? – Mama wa Bibi Harusi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kuozesha. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni hilo sikio. Umelitaja mwisho, kama jambo dogo. Kwangu mimi ndilo la kwanza.

Kinyama kilichokatwa kikarudi ni kovu lililopitiliza, lile madaktari wanaloliita kiloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, na ndewe la sikio na mstari wa taya ni mahali linapopenda kuota. Sasa angalia kovu fupi linapita wapi: linaanzia kwenye nywele za panja, linashuka mbele ya sikio, linaishia chini ya ndewe. Ni hapo hapo pako. Daktari asiyeshika sikio lako kwa vidole vyake na kuuliza lilikatwa lini, huyo usimpe uso wako.

Nyuzi nazo nizieleze. Nyingi zinazotumika sasa ni za polidioksanoni, uzi ule ule tulioshonea wagonjwa tumboni, ila huu umechongwa vijimiba. Ukiupitisha kidoleni kwenda upande mmoja unateleza, ukiurudisha unakwaruza kama mfupa wa samaki. Unaingizwa kwa sindano kupitia tundu dogo la panjani, chini ya ganzi, vijimiba vinashika nyama ya shavu, inavutwa juu. Baada ya kama miezi sita uzi unayeyuka. Kwa mtu ambaye shavu limelegea kidogo, na aliyewekewa na daktari, unaweza kumpendeza kwa muda. Wewe umepungua kilo 19, una ngozi iliyozidi. Uzi haupunguzi ngozi. Kanga ukiipandisha kiunoni haifupiki, inajikunja tu, na ngozi ni hivyo hivyo: utabaki na mikunjo mbele ya masikio na vishimo shavuni, tena siku ya picha. Na saluni si mahali pa kupitisha uzi chini ya ngozi ya mtu. Usaha ukianza Jumatatu, mtaalamu wa Jumamosi utamtafuta wapi?

Shoga yako ana haki kwa sehemu. Zamani madaktari walivuta ngozi peke yake, nyuso zikatoka kama za watu waliosimama kwenye upepo mkali. Mwaka 1976, Mitz na Peyronie wa Ufaransa walieleza vizuri lile tabaka gumu lililo chini ya mafuta ya shavu, na kazi ikahamia huko. Mwaka 2002 Tonnard na Verpaele, Wabelgiji wa Ghent, wakachapisha njia yao: kovu fupi, kisha mishono imara inazungushwa kwenye tabaka hilo na kuning'inizwa panjani. Mvuto unakwenda juu, si nyuma kuelekea sikioni, ngozi iliyobaki inakatwa. Ni njia nzuri, naipenda. Lakini kilicho kidogo hapo ni kovu. Upasuaji wenyewe ni upasuaji: mishipa ya fahamu inayoinua nyusi na mdomo inapita jirani, na shingo yenye ngozi nyingi huenda ikadai kovu liendelee nyuma ya sikio.

Halafu presha. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka 26. Tulikuwa na mama mmoja aliyemaliza kuvutwa uso saa nne asubuhi, anaongea vizuri, anaomba chai. Saa mbili usiku akaniambia, "Sista, shavu la kushoto linanibana." Nilifungua bandeji nikakuta shavu limekuwa gumu kama embe bichi, presha 190 kwa 110. Aliambiwa asile wala asinywe, naye kwa utiifu wake akaacha na vidonge vya presha. Hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kuvimeza kwa funda la maji. Tulimrudisha mezani usiku ule ule, ikafunguliwa mishono, damu iliyovilia ikatolewa, ngozi ikapona. Bado nakasirika nikikumbuka. Damu kuvilia ndilo tatizo linalotokea mara nyingi kuliko mengine kwenye upasuaji huu, na mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 24 za mwanzo, presha ikipanda.

Kwa hiyo jibu langu: kabla ya harusi, hakuna hata moja. Mishono hutolewa baada ya wiki moja hivi, lakini uvimbe na wekundu huchukua wiki kadhaa, ganzi ya shavu hata miezi. Tafuta mpambaji mzuri, uvae, umtoe binti yako.

Harusi ikipita na kilo zako zikiwa zimetulia miezi kadhaa, nenda kwa daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, umwombe namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika uihakiki. Mwambie dawa zote unazomeza, hata aspirini, na usiache yoyote kwa uamuzi wako. Muulize daktari wa usingizi kidonge kipi unameza asubuhi ile. Muulize pia nani atakuwa zamu saa mbili usiku, na anakaa umbali gani na hospitali. Na siku ya kwenda kumwona daktari bingwa, mtandio usifunike masikio.