Iyafoni za bei: angalia waya kwanza

Ndugu yangu umeuliza kama iyafoni za kuingiza masikioni za elfu kumi na zaidi zafaa pesa ama ni jina tu, na kama zitastahamili hewa yetu ya Mombasa. Sauti wallahi ni tofauti, mie nna iyafoni za Shure SE215 mwaka wa nne huu, nkiskiza taarabu nasikia kidole kikigusa uzi wa udi, zile za mia tano ni besi tupu yafunika kila kitu. Lakini ule mpira wa ncha usipoziba sikio sawasawa besi yapotea hata ununue za laki, so jaribu saizi zote zilizo kwa boksi, mie ncha za sponji ndizo zilizonikaa, zaziba kelele hata ndani ya matatu ya Likoni sauti naweka chini kabisa.

Kudumu sasa. Mara nyingi spika haifi, hufa waya pale unapopinda karibu na plagi. Zangu za kwanza waya ulikuwa hautoki, miezi minane upande wa kushoto kimya, nkatupa zote. Hizi waya wachomoka, ukifa wanunua waya peke yake. Juzi nlipochomoa nkaona kutu ya kijani kwa pini, ni jasho na chumvi ya bahari, nkapangusa na spiriti zikarudi. Upande mmoja ukififia angalia kwanza kile kineti cha mdomoni inapotokea sauti kama kimezibwa na nta ya sikio. Usiku zitie mkebeni na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu. Na ukiona IPX4, ile alama ya kuzuia maji, hiyo ni jasho na matone tu, usiogelee nazo.