Wiki tano Newfoundland kwa gari la kulala: barabara, upepo, betri na meli

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Chumbageni, Tanga. Mwanangu anayefanya kazi Halifax, Kanada, ametualika mimi na mama yake tuzunguke naye kisiwa cha Newfoundland kwa wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Juni mwakani, kwa gari la kukodi lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Gari hilo lina urefu wa futi 25, tangi la maji la lita 150, betri moja ya ampea 100 kwa saa na gesi kilo 18. Anakusudia tuingie na kutoka kwa bandari ileile ya Port aux Basques, tuendeshe kilomita 300 kila siku, na mara nyingi tulale nje ya kambi za kulipia. Mke wangu anatumia insulini. Je, mpango huu unafaa, na vitu hivyo vitatutosha kwa siku ngapi?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kijana ameanza vizuri, kwa sababu amechagua majira yanayofaa na gari lisilo kubwa kupita kiasi. Hata hivyo, hesabu zake mbili hazikai sawa, nazo ni hesabu ya barabara na hesabu ya betri. Nitaanza na barabara, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine yote.

Kisiwa hicho kina eneo la takriban kilomita za mraba 109,000, yaani kama mara nne ya mkoa wetu wa Tanga, na hakina barabara inayokizunguka. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini haina barabara ya kuiunganisha, na vijiji vyake vingine, kama Francois, hufikiwa kwa boti tu. Kilichopo ni barabara kuu namba 1, inayotoka Port aux Basques upande wa kusini-magharibi, ikapita ndani ya kisiwa na kufika St. John's upande wa mashariki baada ya kilomita zipatazo 905. Kutoka kwenye barabara hiyo huchepuka njia za kwenda kwenye rasi mbalimbali, na karibu kila moja huishia baharini, hivyo mtu hana budi kurudi kwa njia aliyoendea. Mfano mkubwa ni barabara namba 430, inayotoka mji wa Deer Lake kwenda ncha ya kaskazini: ni zaidi ya kilomita 400 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Nikijumlisha safari ya kutoka Port aux Basques, kwenda na kurudi kaskazini, kisha Gander, Twillingate, Bonavista, St. John's na mzunguko wa rasi ya Avalon, ninapata takriban kilomita 2,900. Ongezeni mizunguko ya kutafuta mkate, maji na kambi, mfikishe 3,500. Kilomita 300 kila siku kwa wiki tano ni 10,500, yaani mara tatu ya njia mnayoihitaji. Kwa hiyo kijana asipange kwa kilomita za kila siku. Apange vituo vya kukaa siku tatu hadi sita, na siku ya kuhama asizidishe kilomita 250, wala asihame siku mbili mfululizo isipokuwa kwa lazima. Gari la aina hiyo hunywa petroli kama lita 23 kwa kilomita 100, hivyo wekeni bajeti ya lita 800 hivi, na upande wa kaskazini jazeni tangi linapofika nusu.

Kuhusu bandari, ningemshauri aingie kwa Port aux Basques na atoke kwa Argentia, iliyo umbali wa kilomita 130 hivi kutoka St. John's. Meli zote mbili ni za shirika la Marine Atlantic na upande wa bara hutumia North Sydney, katika jimbo la Nova Scotia, anakoishi yeye. Ya Port aux Basques huchukua takriban saa saba. Ya Argentia huchukua takriban saa 16, husafiri majira ya kiangazi tu, safari zake kwa wiki ni chache na nauli yake ni kubwa zaidi. Pamoja na hayo, itawaokoa kurudi kilomita 900 kwenye barabara mliyokwisha kuiona, na sehemu ya tofauti ya nauli itafidiwa na petroli. Mkichagua njia hiyo, lipieni chumba chenye vitanda. Saa 16 kwenye kiti si jambo la kumfanyia mama yake. Nafasi ya Argentia ndiyo ya kukatwa kwanza, kabla hata ya tiketi za ndege, kisha tarehe nyingine zipangwe kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Nauli ya gari hutegemea urefu, na hapa wengi huumbuka. Futi 25 zilizoandikwa kwenye mkataba mara nyingi hazihesabu kibebeo cha baiskeli au ndoano ya kuvutia iliyochomoza nyuma. Kijana achukue futi kamba, apime kutoka ncha ya bampa la mbele hadi kitu cha mwisho kabisa nyuma, na kimo hadi juu ya kiyoyozi cha paani, kisha aandike vipimo hivyo kwenye maombi ya nafasi. Asisahau pia kwamba saa za Newfoundland zimetangulia zile za Nova Scotia kwa nusu saa, na kila bandari hutumia saa zake. Kwa majira hayo, nyumbani Tanga ikiwa saa sita mchana, kule itakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mkishuka Port aux Basques, msikimbilie kuondoka bandarini kabla ya kuuliza habari za upepo. Kilomita chache mbele barabara hupita chini ya milima, mahali panapoitwa Wreckhouse, ambapo upepo wa kusini-mashariki hushuka kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 200 kwa saa. Zamani za reli, upepo huo ulikuwa ukiangusha mabehewa, hata shirika la reli likamwajiri mkazi wa pale, Lauchie MacDougall, awe anapima hali ya upepo na kupiga simu kuzuia treni zisipite. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1988, lakini malori bado huwekwa kando kusubiri upepo utulie.

Hesabu yake ni nyepesi. Ubavu wa gari lenu una takriban mita za mraba 22. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiupiga ubavu huo sawasawa, unausukuma kwa nguvu ya kama uzito wa tani moja na robo. Gari la tani tano na nusu halitapinduka, lakini linaweza kusogezwa hadi upande wa pili wa barabara. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na hapo kupinduka ni jambo la kutarajiwa. Tangi la maji lililojaa huongeza uzito wa kilo 150 chini ya sakafu na husaidia kidogo, ila dawa ya kweli ni kusubiri. Ndiyo maana katika wiki tano ningetenga siku tano zisizo na kazi yoyote, na mbili kati ya hizo zikae mwishoni, karibu na Argentia, kwa sababu meli nazo huahirishwa kwa upepo.

Hatari ya pili ni mnyama aitwaye musi, wa jamii ya kulungu, mwenye miguu mirefu na mwili wa kilo 400 au zaidi. Si mnyama wa asili ya kisiwa hicho. Mwaka 1904 waliletwa wanne kutoka New Brunswick, na sasa wamekuwa zaidi ya laki moja. Rangi yake ni ya giza na hutoka porini hasa alfajiri na magharibi, hivyo dereva humwona akiwa amekwisha kuchelewa. Mwishoni mwa Juni jua la kule huchwa karibu saa tatu usiku, na mwanga huo mrefu huwashawishi watu waendelee kuendesha. Msiendelee. Ondokeni baada ya saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni gari liwe limeegeshwa.

Sasa niingie ndani ya gari. Kwa maji, watu watatu wanaooga kwa kubana hutumia lita 40 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo lita 150 ni siku tatu. Tangi la maji machafu litajaa karibu wakati huohuo, nalo humwagwa kwenye vituo maalumu tu, ambavyo kambi nyingi zinavyo. Gesi kilo 18 zinaweza kuwasha hita ya kawaida ya gari kama hilo kwa takriban saa 26 za moto mfululizo. Usiku wa Julai kule huweza kushuka hadi nyuzi joto 10, na kwenye ukungu hushuka zaidi, hivyo hesabuni saa tatu za moto kila usiku. Ukiongeza kupika na friji, gesi itadumu usiku sita.

Betri ndiyo inayowaangusha. Betri ya kawaida ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo kwenye zile ampea 100 mnazo 50. Feni ya hita hula ampea saba. Kwa saa tatu ni 21. Taa, pampu ya maji, kifaa cha kuongoza friji na kengele ya gesi ya sumu vitakula nyingine 15 au zaidi. Zinabaki chache, na usiku wa pili hita itazimika gesi ikiwa bado ipo nyingi. Kwa maneno mengine, gari hilo linaweza kulala nje ya kambi usiku mmoja, kisha lizunguke saa kadhaa barabarani au lichomekwe umeme. Kijana amwombe mwenye gari betri ya pili au paneli ya jua. Asipopata, utaratibu uwe usiku mmoja nje, usiku mmoja au miwili kambini. Wenyeji wana desturi ya kulala kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kando ya barabara, na si vibaya kuwaiga, mradi muulize kwanza na kuondoka na taka zenu. Hita ikizimika, msithubutu kuwasha jiko kwa ajili ya joto wala kuingiza mkaa ndani. Hewa ya sumu ndani ya chumba kidogo huua watu usingizini.

Umeme wa kambini ni wa volti 120. Birika na pasi za nyumbani Tanga ziacheni Tanga. Soketi ya ampea 30 inatoa wati 3,600, na ile ya 15 ni nusu yake, kwa hiyo hita ya umeme na birika visiwashwe pamoja.

Insulini ya mama inahitaji uangalifu siku ya meli kuliko siku nyingine yoyote. Gesi lazima ifungwe kabla ya kupakia gari, abiria hawaruhusiwi kubaki kwenye sitaha ya magari, na wakati wa safari hamtaweza kushuka kuchukua kitu. Hivyo dawa yote iwe mkononi, kwenye mfuko wa baridi, ikitenganishwa na vipande vya barafu kwa taulo, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Ikiwa mnarudi kwa Argentia, ombeni mapema mhudumu awawekee kwenye friji.

Kwa ugawaji wa muda, ningewapa siku sita hifadhi ya Gros Morne, ambako kuna Tablelands, milima ya mwamba wa rangi ya kutu uliotoka chini ya gamba la dunia. Miteremko ya huko ishukwe kwa gia ndogo, kama madereva wetu wanavyoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, bila kukanyaga breki mfululizo. Siku tano ziende kaskazini hadi L'Anse aux Meadows, ambapo mabaki ya makazi ya mabaharia wa Viking ya miaka 1,000 hivi iliyopita yaligunduliwa mwaka 1960. Wewe kama mwalimu hutataka kuharakishwa hapo. Twillingate ingefaa kufikiwa mapema kwa ajili ya mapande ya barafu yanayoelea kutoka Greenland, lakini kwa mwishoni mwa Juni msiyawekee dhamana. Nyangumi wanaofuata samaki wadogo pwani mtawaona kwa urahisi zaidi. Siku nyingine gawaneni kati ya Bonavista na Avalon. Katikati ya mji wa St. John's msiingie na gari hilo, mitaa ni myembamba na ina miinuko mikali. Liacheni kambi ya Pippy Park mpande basi au teksi. Visiwa vya Saint-Pierre na Miquelon vinavyoonekana karibu kwenye ramani ni vya Ufaransa, na vitahitaji kibali chake. Viacheni.

Kijana asome pia mkataba wa gari kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya wakodishaji hawaruhusu magari yao kupelekwa kisiwani humo au kwenye barabara za vumbi, na bima hufuata mkataba. Dereva awe ni yeye peke yake. Huku tumezoea kushika kushoto, na gari la tani tano si mahali pa kujifunzia kushika kulia.

Jambo la mwisho ni la viazi na udongo. Udongo wa Newfoundland una magonjwa ya viazi ambayo Kanada haitaki yafike bara, kwa hiyo hairuhusiwi kutoka kisiwani na viazi mviringo wala mimea yenye udongo, na magari hukaguliwa bandarini, yenye matope yakaoshwa kabla ya kupanda meli. Osheni matairi na chini ya gari jana yake, na siku ya safari mfike Argentia zaidi ya saa mbili kabla ya meli kuondoka.