Namba ya chini ya mama ilinidanganya

Mama yangu ana miaka 69. Kila asubuhi kabla ya chai namfunga mkanda wa mashine ya presha, kisha naandika kwenye kaunta buku: 168 kwa 70, 172 kwa 72, 166 kwa 68. Karibu mwaka mzima nilikuwa naitazama ile ya chini na kujifariji kwamba iko vizuri. Ya juu nikaisingizia uzee.

Nilikosea. Daktari alipolifungua daftari aliniambia nitoe ya chini kwenye ya juu. Nikapata kama 100. Pengo hilo kwa kawaida huwa kama 40. Kwa mtu mzima likizidi 60, aota, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, huenda imekakamaa. Ujanani aota hutanuka moyo unaposukuma damu, halafu hunywea taratibu na kuipeleka mbele. Miaka ikienda, nyuzi zake zinazonyumbuka hukatika na zile ngumu huongezeka, basi namba ya juu hupanda huku ya chini ikishuka. Kwa wanawake mambo huenda mbio baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiilinda mishipa imepungua. Mama hakuwa na presha kabisa alipokuwa na miaka 45; leo amempita baba.

Kwa baba tatizo la aota lilikuwa jingine: ilivimba na kubaki imetanuka. Alivuta sigara miaka 30. Alikwenda altrasaundi kwa ajili ya tezi dume, mpimaji akakuta aota ya tumboni ina sentimita 4.1, wakati kawaida ni kama 2. Hakuwa amesikia maumivu yoyote. Uvimbe huu huwapata zaidi wanaume, hasa waliovuta sigara, na Uingereza kila mwanaume akifika 65 huitwa kupimwa. Kwetu usingoje kuitwa. Mpeleke mzee wako, kipimo hakiumi.

Mama naye nilimpeleka kupimwa uvimbe huo, na nakusihi ufanye hivyo kama mama yako amewahi kuvuta. Wanawake huupata mara chache, lakini ukiwapata hupasuka ukiwa mdogo zaidi. Ndiyo maana upasuaji kwa wanaume hufikiriwa kwenye 5.5, kwao kwenye 5. Na maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo, kama kitu kinachanika, ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo.

Daftari sasa lina safu ya tatu, ya pengo. Jana mama alisoma 64.