Croix-Rousse: Pandeni kwa Treni, Shukeni kwa Miguu

SWALI: Mwezi ujao mimi na mama mzazi tutakuwa Lyon, Ufaransa. Tuna siku moja ya kutembelea Croix-Rousse, kilima cha wafumaji wa hariri. Mama anasumbuliwa na magoti. Tuanzie wapi? Na zile njia zinazopita ndani ya majengo, tunaruhusiwa kuingia?

JIBU: Anzeni juu. Wengi hupanda ngazi kutoka uwanja wa Terreaux, wakafika kileleni wamechoka na soko limeshafungwa. Pandeni metro ya mstari C kituo cha Hôtel de Ville. Inakwea kwa reli ya meno kwa kuwa mteremko unazidi asilimia 17. Teremkeni kituo cha Croix-Rousse. Jumatatu iepukeni: soko la boulevard, barabara kuu ya huko juu, huwapo Jumanne hadi Jumapili, asubuhi tu.

Huko juu ni tambarare, mama atatembea kwa raha. Upande wa mashariki kuna Gros Caillou, jiwe kubwa lililoburutwa na barafu kutoka milima ya Alps, likafukuliwa mwaka 1861.

Muda mwingi utumieni Maison des Canuts, makumbusho ya wafumaji hariri, mtaa wa Ivry, ambako mtambo wa kufumia unaendeshwa mbele ya wageni. Inueni macho muone kadi ngumu zilizotobolewa, zimeshonwa moja baada ya nyingine. Sindano ikikuta tundu, uzi wake huinuliwa. Isipokuta, uzi hubaki chini. Mstari kwa mstari, ua linachomoza kwenye hariri. Kifaa hiki cha mvumbuzi Jacquard, cha mwaka 1804, hukaa juu ya mtambo wenyewe, ndiyo maana nyumba za hapa zilijengwa na dari za karibu mita 4. Madirisha marefu yalikuwa ya kumpa mfumaji mwanga. Mkitoka hapo, angalieni majengo ya mtaani: mtatambua wenyewe yaliyokuwa karakana.

Sasa zile njia, ziitwazo traboule. Baadhi ziko wazi kwa wapitaji, nyingine zimefungwa kwa namba ya siri. Nendeni asubuhi. Mlango ukiwa umefungwa, jaribuni kitufe kilichoandikwa "Service". Usipofunguka, uacheni. Ndani wanaishi watu na ua wa jengo huvumisha sauti, kwa hiyo ongeeni kwa sauti ya chini na msipige picha madirisha yao.

Mkiwa na nafasi ya moja tu, iwe Cour des Voraces. Ingieni namba 29 mtaa wa Imbert-Colomès, mtokee namba 9 uwanja wa Colbert. Ngazi yake ya mawe, ghorofa sita, imetokeza wazi uani. Itazameni kutoka chini. Humo kuna vidato vya kushuka, kwa hiyo mama aende taratibu. Hapo Colbert magoti yakigoma, kituo cha Croix-Paquet kiko chini kidogo tu, na ni mstari uleule wa C.

Mwenye nguvu arudi Imbert-Colomès, aingie namba 20, atokee namba 55 mtaa wa Tables-Claudiennes. Karibu na hapo kuna magofu ya uwanja wa michezo wa Kirumi wa mwaka 19 B.K.